Kandambili Chini ya Kizimba

“Hivi Bi Tatu, huyu mwanao mbona anaomba radhi hata akikanyagwa yeye?” Jirani yake Mwanakheri alimuuliza hivyo siku moja, wakacheka wote wawili.

Leo, kwenye benchi la nyuma mahakamani, swali lile lilimrudia Bi Tatu. Mwanawe Mbaraka alivua kandambili chini ya kizimba, akazipanga vizuri, akapanda pekupeku kama anayeingia chumbani kwa mkubwa.

“Unashtakiwa kwa kuiba pampu ya maji ya tajiri wako,” hakimu alisema. “Una wakili?”

“Sina, mheshimiwa. Sina uwezo wa kumlipa.”

“Basi jisemee mwenyewe. Uliiba, hukuiba?”

Siku pampu ilipopotea, Mbaraka alishinda nyumbani akimuuguza mama yake. Lakini mkubwa akishakasirika, unatanguliza radhi kwanza, ndipo unaeleza. Ndivyo Bi Tatu alivyomlea. Mbaraka akapiga magoti.

“Niwie radhi, baba yangu.”

Hakimu akaandika. “Mshtakiwa amekiri.”

“Hajakiri!” Bi Tatu alisimama. “Bado hajaeleza, baba! Msikilize!”

“Wewe ni wakili wake?”

“Mimi mama yake.”

“Basi kaa, mama.”

Hukumu ikawa miaka mitatu jela. Askari walimtoa Mbaraka kwa mlango wa nyuma, miguu mitupu. Bi Tatu alimtaja Mola wake kimoyomoyo. Kisha akainama, akaziokota kandambili, akazipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akatoka nazo.