Kanzu ya Shebe

Tangu Mwanakheri na mumewe Shebe wapatane kupungua mwili pamoja, tui la nazi halikuingia tena chunguni. Mchicha aliuchemsha kwa chumvi na ndimu, samaki akamchoma bila mafuta, wali akaupakua kwa kikombe cha chai. Shebe alipungua. Mwanakheri alibaki na mwili wake.

Jioni moja fundi cherehani alikuja kumpima Shebe kanzu mpya.

"Mpe futi mpishi wangu," Shebe alimwambia, akicheka. "Apime mwenyewe, aone kazi ya mikono yake."

Mwanakheri akamzungushia futi kiunoni, akatabasamu. Kiuno kilikuwa kile cha ujana wao.

"Mashallah, bwana harusi!" fundi akasema. "Bibi harusi hatakutambua!"

"Bibi harusi gani?" Mwanakheri akauliza.

Fundi akainama, akajifanya anatafuta chaki. Shebe hakuinama.

"Mke mwenzio, mama. Alisema hataki mwanamume mwenye kitambi. Na chakula cha harusi utapika wewe. Hicho kitie nazi, watu wasije wakatucheka."

Mwanakheri akaishika futi kwa mikono miwili, akavuta.

"Inabana," Shebe akasema.

Akavuta tena.