Mchezo wa Kutosema "Mimi"

Marafiki wanne walipika chungu cha kande, kisha wakacheza mchezo: atakayetamka "mimi" hatakula.

Kima, hodari wa maswali ya mtego, akauliza kwa ukali, "Nani kajamba hapa?"

"Si mimi!" Fisi akaruka. Akatolewa.

"Na mrembo wetu ni nani?"

"Mimi," Kanga akajibu kwa madaha, naye akatoka.

Akabaki Konokono mpole. Kila alipoulizwa alitabasamu tu, mpaka Kima akachoka.

"Kaka Kima, nimecheka leo!" Konokono akasema. "Hivi nani aliyebuni mchezo mtamu namna hii?"

Kima akajipiga kifua. "Mimi!"

Fisi akaanguka kwa kicheko. Konokono, mwenye tumbo dogo, akawaita Fisi na Kanga waje kula naye. Kima akaachiwa mwiko tu alambe.