Sinagogi Lililowauliza Watu Wake

Kwa sheria ya jiji, kila Januari nyumba humhoji mpangaji wake, na isiporidhika humfungia nje. Bibi Perpetua Moraa, aliyeishi miaka thelathini na moja katika sinagogi la zamani, alikaa kitini amejifunga leso mpya.

“Kishubaka cha ukutani kinaelekea wapi?” nyumba ikauliza.

“Kaskazini, Yerusalemu. Humo ndimo zilimokaa hati za Torati. Mimi sijaweka humo hata kijiko.”

“Na roshani unakolala?”

“Ya akina mama waliokuja kusali. Ina nguzo nane za mvule, nazipaka mafuta kwa mkono wangu. Uliza kingine, mzee.”

Mjukuu wake Kwamboka akacheka. “Nyanya, usiringe, bado hujapita.”

Nyumba ikauliza la mwisho. “Waliokuwa wakija Jumamosi, watarudi lini?”

Bibi alijua walihama, na barua zao zilikoma zamani. Akasema polepole, “Wako njiani.”

Taa zote zikawaka.

Tangu hapo mlango mkubwa hujifungua kila Jumamosi asubuhi. Bibi na Kwamboka huingia na kutoka, wakibadilisha viatu, ili nyumba isikie nyayo za watu wengi.