Mheshimiwa Hana Meno

Tangu serikali ipige marufuku dawa ya mchwa, kila mtaa ulipewa mlamchwa wake, mnyama mkubwa kuliko beberu, pua ndefu kama mrija, mkia kama ufagio. Mzee Kilongola alimbatiza wa mtaani kwao jina la Mheshimiwa, maana hana hata jino moja, ana ulimi tu.

Asubuhi hiyo Mheshimiwa aliingia chumbani akitembea kwa vifundo vya vidole, asije akachakaza kucha zake. Akakwangua mguu wa kitanda alichofia Siwema, mke wa mzee, akaramba mchwa kidogo. Askari wa mchwa walipotoka kuuma, huyoo, kwa jirani.

"Mbona hamalizi?" Kilongola alimuuliza binti afisa wa wanyama aliyekuja kukagua. "Marehemu kaniachia kitanda hiki tu."

"Ndivyo alivyoumbwa, mzee wangu. Akiwamaliza leo, kesho atakula nini?"

"Ahaa! Kumbe ndiye aliyewasomesha nyie wakubwa."

Binti akacheka, kisha akagongomea kibao cha bati kwenye ubao wa kitanda: MALISHO YA MLAMCHWA. NI MARUFUKU KUUA MCHWA.

"Na mimi nilale wapi?"

"Hapo hapo, mzee. Usijigeuzegeuze tu."

Binti alipoondoka, Kilongola alijilaza upande wake wa ukutani. Mheshimiwa akarudi, akapanda upande wa Siwema, akajifunika mkia wake, akalala. Mguu wa kitanda ukalia kama biskuti. Mzee akasonya, lakini polepole, kitanda kisije kikavunjika.