Sauti Isiyosonya

Siku hizi mzazi haruhusiwi kumfundisha mtoto hesabu. Tunasonya sana, wanasema, na watoto wanakata tamaa. Shule ilichukua sauti yangu ikaiweka kwenye kidude cha mezani, bila msonyo hata mmoja. Kila jioni nakaa jikoni peke yangu, naisikiliza ikimbembeleza binti yangu Nyamizi, wa kidato cha kwanza: "Umekosea hapa tu, mwanangu. Hebu rudia taratibu."

Jana hesabu za sehemu zilimtoa machozi, lakini hakuacha. Mara akapiga kelele: "Mama, nimepata!"

Nikakimbilia sebuleni, mwiko mkononi. Hakugeuka. Alikuwa amekiinamia kile kidude.

"Nilijua utaweza, mwanangu," nikasikia sauti yangu ikimjibu.

Na mdomo nilikuwa nimeufumba.