Waya wa Mita Nane

Mume wao alimtuma Bi Tunu, mke mkubwa, akanunue waya wa intaneti wa kutoka kwenye ruta chumbani kwake Bi Tunu hadi chumbani kwa Mwanakheri, mke mdogo. Zilitakiwa mita kumi. Alinunua nane, kwa makusudi.

Fundi akaupenyeza kwenye tundu la ukuta. "Mama, haufiki mezani kwake."

"Mwambie huo ndio uliokuwepo dukani."

"Mwambie nimesikia," Mwanakheri akajibu ng'ambo ya ukuta. "Fundi, njoo unisaidie kusogeza kitanda. Nitautumia nikiwa nimelala."

Kitanda kikaburutwa, kikagota ukutani.

Jioni, kupitia tundu lile, kicheko cha mume wao kilimfikia Bi Tunu kama cha mtu aliyelala ubavuni pake. Akaushika waya kwa mikono miwili.