Bibi Harusi wa Gavrila

Dada zake wawili walimshika mikono, na shangazi yake Nastasia akalikaza taji la maua mpaka pini zikamchoma kichwani. Rafila alikuwa amekwisha kulivua mara moja na kulitupa chini ya kitanda.

"Tulia, binti," shangazi alisema. "Hata farasi wa baba yako hasumbui hivi akivishwa lijamu."

Hakuna aliyecheka.

Blauzi ilikuwa ya bibi yake mzaa mama, kitani cha kufumwa nyumbani, mabega yametariziwa kwa uzi mweusi. Rafila aliitamani tangu utotoni. Alitaka aivae siku atakayoolewa na Grigore.

Jumapili, kwenye ngoma ya kijiji, Gavrila alimposa mbele ya vijana wote. Alikuwa amekunywa kidogo ili apate ujasiri, na maneno yakamgongana mdomoni. Rafila alicheka. Hakukusudia ubaya, lakini alicheka, wasichana wenzake nao wakacheka, kisha akamwambia hapana. Gavrila alivaa kofia yake akaondoka. Kesho yake alipanda mlimani na wakata miti wenzake kuteremsha magogo. Alhamisi wakamrudisha kwao, na jioni ileile mama yake, Palaga, akaja kumwomba Rafila kwa wazazi wake.

Baba alimsikiliza Palaga akiwa amesimama, akavua kofia, akakubali. Rafila alipolia kwamba hampendi Gavrila na hajawahi kumpenda, baba alimjibu kwamba hilo kijiji kizima kinalijua, na ndiyo sababu safari hii hatakataa. Mama yake alimsihi avumilie, asiwaaibishe. Tangu hapo baba alikaa kizingitini, mgongo wake umeziba mlango, akachonga kipini cha shoka ambacho hakuna aliyekihitaji.

Tumaini pekee lilikuwa Grigore. Asubuhi ya harusi Rafila alimwita kwenye kidirisha cha nyuma ya nyumba. Grigore alifika mikono ikinata utomvu. Alikuwa ametoka kukata msunobari mchanga utakaobebwa mbele ya msafara wa Gavrila. Rafila alimwambia watoroke. Kulikuwa na basi barabara ya chini, wangefika mjini kabla watu hawajakusanyika, na wakirudi wangekuwa mume na mke.

Grigore hakumtazama usoni.

"Nenda, Rafila. Yule ni rafiki yangu."

"Na mimi ni nani wako?"

Grigore alijifuta utomvu kwenye suruali, akarudi kwa wenzake.

Wapiga fidla walipofika, dada zake walikimbilia dirishani kuwaona. Rafila akaingia stoo ya chakula, akapanda juu ya pipa la kabichi na kujipenyeza kwenye kidirisha. Aliikunja sketi yake ya sufi mkononi, akateremka mbio katikati ya miti ya plamu. Tope lilimrukia mpaka magotini. Alikuwa ameshika komeo la lango la chini alipomwona Palaga amesimama upande wa pili.

Alikuja peke yake, na pete imefungwa kwenye leso.

Palaga hakupiga kelele. Alifungua lango, akaitazama ile sketi, akaelewa. Kisha akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, mwanamke mzima wa umri ule, akaanza kufuta tope kwenye pindo kwa ncha ya leso ileile.

"Nimemvika mwenyewe," alisema. "Shati jeupe, na kofia ina maua pembeni. Amependeza. Desturi yetu, kijana ambaye hajaoa haondoki bila bibi harusi. Tangu utotoni hakuwahi kuniruhusu nimfunge hata kifungo."

"Mama Gavrila, mimi simtaki. Niache nipite."

"Najua humtaki. Ulimwambia hapana, na ilikuwa haki yako." Palaga aliendelea kufuta. "Yeye ulimkataa, mwanangu. Mimi usinikatae."

Lango lilikuwa wazi, na barabara ilionekana kutoka pale. Hakuna mkono uliomshika. Rafila alisubiri miguu yake iondoke, haikuondoka. Baba yake aliyeziba mlango, Rafila alikuwa amemshinda kwa kupita dirishani, lakini kichwa hiki kilichoinama miguuni pake hakujua namna ya kukiruka. Alimwinua Palaga, akashika naye njia ya kurudi nyumbani.

Msafara ulipanda polepole. Grigore alitangulia na msunobari, vitambaa vya rangi vikipepea matawini. Nyuma yake wapiga fidla walipiga wimbo wa kumuaga mwali, na wanawake wakalia kwa sauti, kama wanavyolia kila binti anapoondoka kwao. Rafila hakulia. Alihesabiwa sasa kuwa mke wa mtu, na kila mlango aliopita ulikuwa na macho ya kulishuhudia jambo hilo.

Uani kwa Palaga meza zilikuwa zimepangwa, mikate mikubwa ya kusuka na chupa za pombe ya plamu, na hakuna aliyegusa kitu. Padri alimpokea barazani, akampisha aingie kwanza.

Gavrila alikuwa katika chumba kikubwa, kati ya mishumaa, uso umeelekea mlangoni. Rafila alidhani angemchukia. Alimwona mdogo tu, mdogo kuliko siku ya ngoma, nywele zimechanwa upande ambao mwenyewe asingezichana. Palaga alimfungulia leso. Rafila akaichukua pete, akaushika mkono wa Gavrila, akamvika, na kidole hakikukunjika.

Padri alimaliza sala. Grigore na vijana watatu wakainama, wakaliinua jeneza mabegani, na bibi harusi akafuata nyuma.